Jina la Mabawa

Sisi Wanamori tuna sauti moja ambayo sijaisikia kwa watu wengine, na nimekaa mjini Wewak miaka sita, nimesikia watu wa kila namna. Unafunga midomo kama anayetaka kusema "mb", kisha unaiachia itetemeke yenyewe kwa pumzi. Mbrrr. Hivyo ndivyo mabawa ya hondohondo yanavyovuma anapopita juu ya miti asubuhi, na wazee wetu waliitoa sauti hiyo bila kufikiri, hata wakiwa na popoo mdomoni. Sisi tuliozaliwa baadaye tunasema "bu" tu, tunapita. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo hapa kijijini, nawafundisha kuhesabu na kusoma kwa Kinamori kabla hawajaingia kwenye Kipisini, lugha ya masokoni na redioni, na Kiingereza, na sauti hiyo siiwezi. Nasema mapema ili mtu asinicheke katikati ya hadithi.

Wanaokijua Kinamori chote wamebaki wawili. Mmoja ni mama yangu, Ludwina. Wa pili ni mzee Gaudens wa ukoo wa Wolmi, ambaye mwaka wa kisa hiki alikitaka kinamasi chetu.

Kinamasi chenyewe kiko kwenye kichwa cha kijito cha Asiwo, mwendo wa saa mbili kupanda. Misago iliyomo aliipanda babu yangu mzaa baba, nayo ndiyo inayotulisha mpaka leo: tunaangusha mti, tunapasua shina, tunapondaponda moyo wake na kuuosha kwa maji hadi unga utulie chini. Kando yake, kwenye kinyanyuko kidogo kisichofurika, amezikwa kaka yangu. Aliumwa na nyoka akikata matete, ana miaka kumi na tisa. Kanisani aliitwa Klemens. Jina lake hasa, alilopewa na baba, lilikuwa la babu: Mbruwai, yule wa mabawa ya hondohondo.

Sasa, kwetu mwanamke akishaolewa hataji jina la baba mkwe, wala la ndugu zake baba mkwe, wala neno lolote linalofanana na majina hayo. Ukitaja umeingia aibuni, na aibu hiyo huoshwa kwa kuku, unayempeleka kwa watu wa damu ya mkweo huku umewapa mgongo. Mama aliolewa ana miaka kumi na sita. Tangu siku hiyo hondohondo kwake akawa "mpasua hewa". Kisha akazaa mtoto wake wa kwanza, kwa uchungu wa siku mbili, na baba akampa mtoto huyo jina ambalo mama hawezi kulitamka. Nilipokuwa mdogo sikuona ajabu yoyote. Mama alimwita "Mwana", na akikasirika alipiga kelele "Klemens!" naye Klemens akaja mbio akicheka.

Ajabu niliiona siku ya mazishi. Kwetu ni mama mzazi anayeliita jina la kweli mara tatu kaburini, ili aliyekufa ageuke ajue kwao ni upande gani. Jina la kanisa wafu hawalijui. Mama alisimama kichwani pa kaburi, akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Mwishowe shangazi yangu alimsogeza kwa bega, akaita yeye. Mama hakulia. Lakini tangu siku ile, ni miaka ishirini na saba sasa, kila akisimulia kifo cha kaka huishia mahali pale pale. Kinamori ni lugha ya kufuatanisha: unaunga kitendo kwa kitendo, na mwisho wa kila kitendo unaweka kijisauti cha kumwambia msikilizaji kama atakayetenda kinachofuata ni yule yule au ni mwingine. Mama husema: alipanda kijito, alipopanda akafika, alipofika akakata matete. Kwenye "akakata" huweka kile kijisauti cha kwamba sasa anatenda mwingine. Halafu hunyamaza. Yule mwingine ni nyoka, kila mtu anajua, na hakuna aliyewahi kumsikia mama akimaliza.

Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilinichosha. Nitasema ukweli wangu.

Ukoo wetu ulikuwa umekwisha, au karibu. Baba alishakufa, shangazi alishakufa, binamu zangu wako mashamba ya michikichi huko visiwani na watoto wao hawajui hata kuomba maji kwa Kinamori. Nilibaki mimi, Roswita, mwanamke aliyemwacha mumewe mjini akarudi na sanduku moja. Hivyo kampuni ya magogo ilipoanza kuulizauliza nani mwenyewe wa Asiwo ya juu, Gaudens alisimama mbele ya watu akasema ni yeye.

"Ukoo ulio hai hutaja majina yake," alisema. "Ukoo usiotaja umekufa, na ardhi ya waliokufa hurudi kwa jirani. Jirani nani? Si mimi?"

Sheria hiyo ni ya kweli, hakuitunga. Mwenye ardhi hupanda kijito kutoka mdomoni hadi kichwani akitaja jina la kila kona na kila kivuko, na akifika juu hutaja jina la aliyepanda misago. Shahidi huwa jirani. Na jirani, hata awe adui, hawezi kulikana jina la kweli likishatajwa mahali pake, kwa sababu mwenye jina yupo pale pale chini anasikiliza. Gaudens ni mkorofi lakini hili analiogopa kama sisi sote.

Nilimpelekea mama habari, kwamba Gaudens na kampuni wakishinda itakatwa barabara ya trekta, na kwamba sehemu pekee iliyo kavu ya kupitisha barabara ni kile kinyanyuko. Alikuwa anageuza chapati ya sago kwenye kigae. Aliiacha ikaungua.

"Juu yake?" aliuliza.

"Juu yake, mama."

"Basi nenda kataje majina. Si unayajua? Si nilikufundisha?"

Nilikuwa nayajua, na niliyajua vizuri. Tangu nirudi nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari, majina yote kumi na mbili, pamoja na maneno mengine mia kadhaa niliyoyatoa kinywani mwa mama kwa ajili ya shule. Miaka tisa nilikuwa nimewafundisha watoto maneno hayo. Nilijiona mtu.

Mpatanishi wa ardhi aliitwa bwana Linus, mtu wa pwani, mpole, mwenye soksi ndefu, asiyejua neno hata moja la Kinamori. Alikuja na kitabu chake kikubwa tukakusanyika mdomoni mwa kijito, nusu ya kijiji wakiwa wamekaa kwenye magogo wakitafuna popoo kama wako kwenye sinema. Mama alikaa mbali, mgongo kwetu, kama ipasavyo mkamwana mahali ambapo majina ya wakwe yatatajwa. Nikafungua daftari.

La kwanza lilipita. Gaudens alipandisha nyusi, yaani ndiyo. La pili likapita. La tatu nikalisoma kwa sauti ya darasani: "Kivuko cha Mabaki ya Moto."

Gaudens alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi mate mekundu yakamtoka kidevuni.

"Rudia, Mwalimu, rudia! Kivuko cha nini?"

"Cha Mabaki ya Moto," nikasema, na hapo sauti yangu ikaanza kupungua.

"Bwana Linus, andika. Andika kwamba huyu dada anazungumza kama mke aliyeletwa jana. Kivuko kile kina jina. Wake za watu wa ukoo ule ndio wanaozungukazunguka hivyo, kwa adabu ya wakwe zao. Wenyewe hutaja! Sasa huyu ni binti wa ukoo au ameolewa na babu yake?"

Kijiji kizima kilianguka kwa kicheko. Kuna mama mmoja alishika mbavu akalala chini kabisa. Nami nilisimama pale na daftari langu, na mambo yakaanza kunijia kichwani moja baada ya jingine. Hondohondo nilimjua, nilijua "mpasua hewa" ni la adabu, kwa sababu ya kaka. Nisichokifikiria ni kwamba babu alikuwa na ndugu sita, na mama alikuwa amewazunguka wote sita. Majivu, mwiba, mvua ya asubuhi, samaki wa tope: yote niliyafundisha kwa maneno ya pembeni. Watoto sitini wa kijiji kile, Wolmi kwa wasio Wolmi, walikuwa wanazungumza kwa adabu ya mkamwana wa mtu aliyekufa kabla hawajazaliwa. Na mwalimu wao ni mimi.

Bwana Linus alinionea huruma. "Siku tatu," alisema. "Siku ya tatu tutapanda wote hadi juu. Majina yenyewe, tafadhali."

Tulipofika nyumbani nikamlipukia mama.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba hayo si majina!"

"Ningekuambia kwa mdomo upi?" alisema mama. "Ningesema, Roswita, hili si jina, jina ni hili? Si ningekuwa nimelitaja? Wewe umesoma, hebu nionyeshe njia."

"Ungesema tu kwamba ni la adabu."

"Nilidhani unajua! Baba yako alikuwa hai, shangazi yako alikuwa hai, mlikuwa mnawasikia. Nyie mlikuwa mnasikiliza nini? Redio!"

Na ilikuwa kweli. Baba alipozungumza Kinamori sisi tulimjibu kwa Kipisini, na tuliona tunamfanyia hisani kumjibu.

Asubuhi yake tulipanda kijito, mimi na yeye. Tulipopanda, tulifika kwenye kile kivuko cha tatu. Tulipofika, mama alikwenda penye jiko la zamani la wawindaji, akachota majivu, akayapuliza usoni mwangu.

"Majivu," nikasema kwa Kipisini, nikikohoa. "Ndiyo, mama, naona ni majivu. Lakini nayaitaje?"

Mama alisimama, akavuta mdomo chini, akaanza kutembea kwa kuchechemea, mkono mmoja kiunoni. Nilimtazama. Na nikamwona babu mdogo mmoja niliyemjua kwenye picha tu, yule mwenye mguu mbovu, ambaye shangazi yangu alikuwa akimlia kwa jina katika kila msiba.

"Samut?"

Mama akapandisha nyusi.

"Samut ni majivu? Kivuko cha Samut?"

Akapandisha tena, mara mbili, na macho yakamng'aa kwa furaha kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Ndivyo tulivyofanya siku mbili. Majina ya ndugu za babu nilikuwa nayo, kwa maana shangazi alikuwa mliaji hodari. Mama alichobaki nacho ni vitu vyenyewe, na mikono, na uigizaji ambao sikuwahi kujua anao. Alinichoma mwiba kidoleni. Alinitumbukiza topeni hadi gotini nimshike samaki. Mahali pamoja alilala chini ya mti mkubwa, mdomo wazi, akikoroma, na nilimtaja mzee mmoja baada ya mwingine hadi nikampata aliyekuwa mvivu. Tulicheka mpaka tukakaa. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mgongo umepinda, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu nilimwona akicheka njiani kuelekea kinamasi.

Jioni ya siku ya pili majina kumi na moja yalikuwa tayari. La kumi na mbili, la aliyepanda misago, sikuhitaji kuigiziwa. Nilihitaji midomo.

"Buruwai," nilisema.

Mama akatikisa kichwa.

"Bbbruwai."

Akanishika midomo kwa vidole viwili, akaikaza pembeni, akanipiga tumboni kidogo ili nitoe pumzi. Ilitoka sauti ya mtu anayepuliza chai. Tena. Ikatoka mate. Tulijaribu tukiwa tumekaa, tukiwa tumesimama, nikaingiza uso majini nikapuliza mapovu kama watoto. Hakuna. Midomo yangu ilikuwa imefundishwa mambo mengine kwa miaka arobaini.

"Basi itoe wewe nisikie," nikamwambia. "Si jina zima. Ile mbr tu, mama. Peke yake si jina la mtu."

Aliniachia midomo. Akawa anachezea ncha ya khanga yake.

"Sijaitoa tangu nilipoolewa," alisema. "Kila neno lenye sauti hiyo linamgusa yeye. Niliiacha huko kwa mama yangu. Sasa meno yenyewe hayapo. Hata sijui kama bado ninayo, Roswita."

Nilijuta kumwomba. Na nilimkasirikia babu ambaye sikuwahi kumjua, na baba pia, kwamba kati ya majina yote duniani alishindwa kuchagua jingine.

Siku ya tatu watu walikuwa wengi zaidi ya siku ya kwanza, maana habari ya mwalimu aliyeolewa na babu yake ilikuwa imefika hadi vijiji vya chini. Tulianza mdomoni. Nilitaja la kwanza, la pili, na kwenye la tatu nikasema Samut kwa sauti kubwa, nikimtazama Gaudens machoni. Alipandisha nyusi, polepole. Tulipanda. La nne, la tano, la sita. Watu waliacha kutafuna. Kila nyusi za Gaudens zilipopanda bwana Linus aliandika, akiniuliza kila herufi, na mimi nikimpa. Mama alikuja nyuma, mbali, amejifunika kichwa asisikie, kama adabu inavyotaka, ingawa yeye ndiye aliyenipa yote.

Tulifika juu saa nne. Misago ilikuwa imesimama kwenye maji yake meusi, na juu ya kinyanyuko yale majani mekundu tuliyompandia kaka yalikuwa yamekua marefu kunipita. Mama alikwenda akaketi hapo, akatupa mgongo.

"La mwisho," alisema bwana Linus. "Nani alipanda?"

Nililowesha midomo. Nilifikiria mabawa. Nikavuta pumzi.

"Mb... Buruwai."

"Nani?" alisema Gaudens.

"Buruwai."

"Simjui huyo." Hakucheka safari hii, na hilo lilinitisha zaidi. "Hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mwulize yeyote."

"Mzee, unajua ninayemsema!"

"Ninajua unayemtaka. Lakini mwenyewe hajaitwa. Mimi nimekaa kwenye baridi na huyo mzee, amenifundisha kutega nguruwe, nikilikubali jina lisilo lake balaa litakuwa kwangu. Nimekubali kumi na moja, umenishangaza, Mwalimu. Hili la mwisho ndilo lenye ardhi. Ita."

Nilijaribu tena. Watoto wangu wa shule walikuwa mbele, nikawaona wakikaza midomo yao midogo wakinisaidia, na hakuna aliyeweza, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha. Nilijaribu mara nyingine, nikasikia mtu nyuma akiguna. Bwana Linus alishusha kalamu. Aliangalia saa yake, si kwa ubaya. Machozi yalinijaa na nikayaacha yatoke, sikuwa na kazi nayo tena.

Ndipo sauti ilipotoka kwenye kinyanyuko.

"Mbruwai!"

Niliinua kichwa kutafuta hondohondo. Sikuwa peke yangu, watu kadhaa walitazama juu. Kisha tukamwona mama. Alikuwa amesimama kichwani pa kaburi, khanga imemwanguka mabegani, mikono imeshika yale majani mekundu huku na huku.

"Mbruwai!" aliita tena. Ilitoka nzito, ikavuma juu ya maji, kana kwamba ilikuwa imekaa kifuani mwake miaka yote ikimngoja. "Mbruwai! Mwanangu! Geuka huku, nyumbani ni huku. Ni mimi. Si shangazi yako, ni mimi!"

Wanawake walioolewa kwetu walijiziba masikio. Gaudens alikuwa amesimama, popoo imemwanguka mkononi.

"Ludwina," alisema taratibu. "Shemeji. Umemtaja mkweo."

"Mkwe wangu ana watu wa kumwita," mama alimjibu, na hakugeuka. "Mimi nimemwita mtoto wangu. Alikata matete, yule nyoka akamuuma, akafa hapa, nami nikashindwa kumwita. Sasa nimemwita."

Nilimsikia vizuri. Alikuwa amemaliza sentensi.

Bwana Linus hakuelewa neno hata moja. Alimtazama Gaudens. "Mzee, hilo ndilo jina?"

Gaudens alitazama misago, akatazama chini miguuni mwake kwa muda. Angeweza kusema jina limetajwa na asiye na haki ya kulitaja. Nilikuwa nangoja aseme hivyo. Lakini jina lilikuwa limeitwa mahali pake, na mwenyewe yupo chini anasikiliza, na wajina wake naye yupo pale pale chini ya majani. Alipandisha nyusi.

"Linaandikwaje?" aliniuliza bwana Linus.

"Andika uwezavyo," nilisema. "Herufi zake hakuna."

Hivyo ndivyo kinamasi kilivyobaki chetu, na kampuni ikaenda kuuliza kwingine. Lakini hadithi haikuishia hapo, maana aibu ilikuwa bado haijaoshwa.

Kesho yake asubuhi, kabla sijakwenda shule, nilisikia kuku analalamika nje. Nilifungua mlango. Chini ya ngazi yangu alikuwa ameketi mama, amenipa mgongo, kuku amefungwa miguu pembeni yake. Kwanza sikuelewa. Halafu nikaelewa, nikakaa kizingitini. Aliyemtaja baba mkwe hupeleka kuku kwa watu wa damu ya mkwe. Damu ya mkwe kijijini pale ilikuwa imebaki moja tu, nayo ni mimi.

"Mama, acha. Inuka."

"Pokea," alisema, bila kugeuka.

"Mimi ni mwanao!"

"Hapa wewe ni mjukuu wake. Pokea, kuku anaumia."

Nilishuka. Niliposhuka, nilipokea. Nilipopokea, nilimkata mama unywele mmoja mbele ya paji la uso kama nilivyomwona shangazi akiwafanyia wanawake wengine, na nikasema imekwisha. Hapo tu ndipo alipogeuka kunitazama. Uso wake ulikuwa umetulia, na macho hayakuwa na haya hata kidogo.

"Kesho nitaleta mwingine," alisema.

"Wa nini? Si imekwisha?"

"Ya jana imekwisha. Leo napanda tena Asiwo kumwita."

Nilimtazama nisijue nicheke au nilie. "Mama, una kuku wangapi?"

Alifikiri. Kisha akaanza kuhesabu kama tunavyohesabu sisi, kwa kujigusa mwili: kidole kidogo, kinachofuata, kile cha kati, cha shahada, gumba, kifundo cha mkono, mkono wa chini, kiwiko, mkono wa juu, bega. Begani alisita kidogo, akipiga hesabu ya vifaranga. Akaendelea shingoni.